Hisa za startapu: namna ya kugawana, kuchangisha mtaji, na kuondoka bila kubaki mikono mitupu

Barua yangu ya kwanza ya ofa kwenye startapu, yani kampuni changa, iliandikwa opsheni 40,000, haki ya kununua hisa 40,000 kwa bei iliyofungwa. Elfu arobaini! Niliisoma ile namba mpaka ikaanza kuniimbia kichwani, mshahara ulikuwa mdogo kuliko nilikotoka lakini nikajisemea sawa tu, mi sasa ni mmiliki. Miezi 30 baadae nikaacha kazi kwa amani kabisa, tukaagana vizuri na keki ikakatwa, alafu mwezi wa nne baada ya kuondoka ndo nikakumbuka kuingia kwenye akaunti ya hisa nicheki mali yangu. Nikakuta maneno mawili: zimeisha muda. Na hakuna aliyeniibia, karatasi niliyosaini mwenyewe ilisema ukiondoka una siku 90 za kuzinunua, basi. Mi niliishia ukurasa wa kwanza wenye ile namba.

Kwaiyo nimeandika huu mwongozo kwa pande zote mbili, wewe unayeanzisha kampuni na wewe unayeajiriwa mapema kabla kampuni haijajulikana, kwasababu karatasi ni zile zile mnazisoma kutoka pande tofauti. Kitu kimoja ukishike mpaka mwisho: idadi ya hisa peke yake haina maana yoyote. Hisa ya startapu ni ahadi yenye tarehe na masharti, na pesa yote imejificha kwenye tarehe na masharti.

HATUA YA 1: Kampuni iwepo kwanza

Inachekesha ila watu wengi wanaanza kupokea hela na kuahidiana asilimia wakati hakuna kampuni. Mwezi wa nane 1998 Andy Bechtolsheim aliwaandikia Larry Page na Sergey Brin hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google Inc., na hiyo Google Inc. ilikuwa bado haijasajiliwa, kwaiyo hundi ikabidi ikae ikisubiri wakasajili kampuni mwezi wa tisa. Wao iliwaendea vizuri. Wewe usitegemee bahati ya watu wengine.

Ukisajili, fanya vitu viwili siku hizo hizo. Cha kwanza toa idadi kubwa ya hisa tangu mwanzo, mfano 10,000,000, kwasababu ni rahisi kumpa mfanyakazi hisa 40,000 kuliko kumpa robo ya hisa moja. Cha pili kila mwanzilishi asaini karatasi ya kukabidhi kampuni kazi yake yote, yani maandishi ya programu (code), michoro, jina, domeini, hata ile aliyoiandika usiku kabla kampuni haijazaliwa. Wakili wa mwekezaji ataiomba hii karatasi kabla ya kitu kingine, na kama mmoja wenu alishaondoka na hakusaini, mtamtafuta kwa adabu sana na yeye atajua kwamba mnamhitaji.

HATUA YA 2: Gawaneni, ila msipeane moja kwa moja

Kwenye mgawanyo wenyewe sina mengi. Nusu kwa nusu inafaa kama wote mmeacha kazi na wote mnaingia kwa nguvu zote, na kama mmoja bado yuko kwenye ajira anakuja wikiendi basi msidanganyane, asipate sawa na aliyeacha mshahara. Wazo peke yake halistahili asilimia 50. Wazo ni la siku moja, kazi ni ya miaka saba au kumi.

Balaa linakuja kwenye kupeana moja kwa moja. Chukulia mko watatu, theluthi theluthi, hamjaweka masharti yoyote. Mwezi wa tano mmoja anapata kazi nzuri sehemu anaondoka, hana ubaya, ni maisha tu. Theluthi yake anaondoka nayo. Nyie wawili mnakesha miaka minne na yeye kila mkipanda anapanda na nyie, na siku mwekezaji anaangalia jedwali la hisa anaona theluthi nzima imelala kwa mtu asiyefanya kazi pale, anafunga faili. Raundi nyingi, yani awamu za kuchangisha mtaji, zinakufa hapo, na waanzilishi wanabaki kusema wawekezaji hawakuielewa bidhaa.

Kuna kisa cha kinyume chake ambacho watu wanapenda kukisimulia. Apple ilianza tarehe 1 Aprili 1976 na waanzilishi watatu, Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne, huyo Wayne alikuwa na asilimia 10 na ndo aliyeuandika mkataba wenyewe, siku 12 baadae akajitoa akalipwa dola 800 kwa sehemu yake. Kila mtu anamcheka Wayne, ila ukimuangalia kwa jicho la kampuni yeye ndo aliondoka vizuri, alirudisha zote wenzake wakaendelea. Wengi hawarudishi, labda mkataba uwalazimishe. Na huo mkataba wa kulazimisha ndo vestingi.

HATUA YA 3: Elewa vestingi kwa namba, sio kwa maneno

Vestingi maana yake hisa zinakomaa kidogo kidogo kadri unavyokaa na kufanya kazi, mi nitasema kukomaa kuanzia hapa. Mpangilio ulioenea kwenye startapu ni miaka 4 na klifu ya mwaka 1. Klifu ni kipindi cha mwanzo ambacho hakuna kinachokomaa kabisa, alafu siku mwaka unapotimia robo nzima inakomaa kwa mpigo, na baada ya hapo inakomaa kila mwezi sehemu moja ya 48.

Tuchukue zile opsheni zangu 40,000. Mwezi wa kwanza mpaka wa 11: sifuri. Ukiondoka au ukiondolewa siku moja kabla mwaka haujatimia: sifuri, hata ulie. Siku mwaka unatimia: 10,000 kwa mkupuo. Kuanzia hapo ni kama 833 kila mwezi. Mwezi wa 30 nilipoondoka zilikuwa zimekomaa 25,000 kamili, zile 15,000 zilizobaki zikarudi kwenye mfuko wa kampuni. Chukua kalamu ufanye hesabu hii kwa namba zako, ni dakika mbili.

Sasa kwa mwanzilishi inaenda kinyumenyume kidogo. Mwanzilishi anazinunua hisa zake zote siku ya kwanza kwa bei ya bure bure, mfano hisa 5,000,000 kwa dola 0.0001 kila moja ni dola 500, na zote zinaandikwa jina lake, anapiga nazo kura. Ila kampuni inabaki na haki ya kuzinunua tena zile ambazo hazijakomaa, kwa bei ile ile aliyolipa, kama akiondoka. Kwaiyo akiondoka mwezi wa tano kampuni inamrudishia dola zake 500 na hisa zote zinarudi nyumbani. Kama kazi mlishaianza muda mrefu kabla ya kusajili, mnaweza kuhesabu saa kuanzia nyuma, mfano mkaandika kwamba kukomaa kulianza miezi 10 iliyopita, hilo ni jambo la kawaida tu na ni haki.

Watu wanaona aibu kumwambia rafiki yake tuwekeane vestingi, kama vile unamwambia sikuamini. Mwambie hivi, mi mwenyewe najiwekea. Inamaliza mjadala. Na mkikataa kujiwekea wenyewe, mwekezaji wa kwanza makini atawawekea yeye, kwa masharti yake.

Sio wote wanatumia mpangilio huo. Amazon kwa miaka mingi ilijulikana kwa kuwapa wafanyakazi asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, alafu 40 na 40 miaka miwili ya mwisho. Ukiona ofa imepangwa hivo usigawanye kwa nne ukaenda kumringishia mtu, ya mwaka wa kwanza ni kidogo sana.

HATUA YA 4: Siku 30 za kodi (na kwingine siku 14)

Hii hatua ni fupi ila ndo inayoumiza kuliko zote, maana ukikosea hakuna wa kumlilia. Kama unalipa kodi Marekani na umepokea hisa zenye masharti ya kukomaa, kuna fomu inaitwa 83(b), una siku 30 tangu siku ulipopewa hisa kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, IRS. Ukiipeleka unasema nitozeni leo kwa thamani ya leo, na leo hisa zako ni dola 500 umezilipia dola 500, kodi sifuri. Usipoipeleka, kila hisa zikikomaa unahesabiwa kama umepokea mshahara kwa thamani ya siku hiyo. Chukulia mwaka umetimia, 1,250,000 zimekomaa, na thamani imefika dola 0.20: hapo umeingiza karibu dola 250,000 kwenye karatasi, kodi wanaitaka kwa hela taslimu, na hisa zenyewe hakuna wa kumuuzia. Siku ya 31 haipokelewi, hakuna barua ya kuomba radhi. Piga picha fomu, tunza risiti ya posta au uthibitisho wa mtandaoni.

Uingereza kuna kitu cha jamii hiyo, cha kifungu 431, mnasaini pamoja wewe na mwajiri ndani ya siku 14. Pia wana mpango wa opsheni unaoitwa EMI ambao kodi yake ni nafuu kwa kampuni ndogo. Nchi nyingine zina sheria zake, kwaiyo swali la kumuuliza mhasibu siku unapokea hisa ni moja, kuna fomu yoyote yenye siku za mwisho? Uliza siku hiyo hiyo, usisubiri mwisho wa mwaka.

HATUA YA 5: Tafuta mtaji, ukijua kila hela inamega nini

Hela yako na hela ya wateja ndo rahisi kuliko zote, haimegi kitu. Kama bidhaa yako inaweza kuuzwa kabla ya kuchangisha, uza. Mkopo wa benki haumegi hisa ila kampuni isiyo na mapato haupati, na ukiupata kwa kuweka dhamana ya mali yako binafsi hapo umeshatoka kwenye habari za startapu umeingia kwenye habari nyingine.

Baada ya hapo zinakuja karatasi ambazo zinachukua hela leo na hisa zinatoka baadae. Ya kwanza ni noti inayogeuka, ni mkopo wenye riba na tarehe ya mwisho, ambao raundi kubwa ikija unageuka kuwa hisa. Ya pili ni SAFE, waliileta Y Combinator, kampuni ya Marekani inayolea na kuwekeza kwenye startapu, mwishoni mwa 2013, sio mkopo, haina riba wala tarehe ya mwisho, na ina kurasa chache. Zote mbili kwa kawaida zina dari ya thamani, yani hata kampuni ikija kuthaminiwa juu sana huyu wa mapema anahesabiwa kwa dari yake, au zinampa punguzo, mara nyingi asilimia 20, au vyote viwili.

Hapa kuna mtego uliowanasa watu wengi. Mwaka 2018 Y Combinator walibadilisha SAFE ikawa inahesabu thamani baada ya hela za SAFE zote kuingia. Faida yake unajua hapo hapo umetoa asilimia ngapi: dola 500,000 kwa dari ya 5,000,000 ni asilimia 10, imeisha. Hasara yake ukisaini nyingine ya 500,000 kwa dari hiyo hiyo wewe umetoa asilimia 10 nyingine, na yule wa kwanza hamegeki hata punje, anayemegeka ni wewe na wenzako tu. Nimeona watu wanasaini SAFE sita saba ndogo ndogo, kila moja inaonekana kama si kitu, raundi inakuja wanakuta theluthi imeshaondoka kabla mwekezaji mkubwa hajakaa kwenye kiti.

Twende na hesabu yote ya mfano mmoja, taratibu. Mko wawili, 5,000,000 kila mmoja, jumla 10,000,000. Mmechukua SAFE moja, 500,000 kwa dari ya 5,000,000. Sasa anakuja mwekezaji anasema naweka dola 2,000,000, thamani ya kampuni kabla ya hela yangu ni 8,000,000. Baada ya hela inakuwa 10,000,000, yeye anachukua asilimia 20. Alafu anaongeza sentensi moja ambayo inapita kama upepo: na mfuko wa opsheni za wafanyakazi uwe asilimia 10 baada ya raundi. Huo mfuko unatoka kwa nani? Hautoki kwake, yeye ameshika 20 zake. Unatoka kwenu na kwa wa SAFE. Kwaiyo 100 toa 20 toa 10 inabaki 70, wa SAFE anachukua asilimia 10 ya hiyo 70, ni 7, nyie wawili mnabaki na 63, kila mmoja 31.5. Jumla ya hisa sasa ni kama 15,873,000 na bei ya hisa moja ni dola 0.63. Wa SAFE yeye kazipata kwa 0.45.

Ulianza na 50 uko 31.5. Umepoteza? Mi naona hapana, kama hiyo hela inaifikisha kampuni mahali ambapo isingefika. Ila ungeenda pale ukisema tunatoa asilimia 20 tu, ungeshtuka. Na ile asilimia 10 ya mfuko ndo pa kubishania, nenda na orodha ya watu mtakaowaajiri miezi 18 ijayo na kila mtu atahitaji opsheni ngapi, ikifika asilimia 6 sema 6. Mwekezaji anaweza kubishana na hisia zako, orodha inamuwia vigumu.

HATUA YA 6: Tem shiti, soma kwanza kuhusu kulipwa kwanza

Tem shiti ni karatasi ya masharti makuu kabla ya mikataba mirefu. Watu wote wanakimbilia thamani. We nenda kwenye haki ya kulipwa kwanza. Wawekezaji wanapata hisa za upendeleo, nyie na wafanyakazi mna hisa za kawaida, na kampuni ikiuzwa wao wanachagua: warudishiwe hela yao kwanza, au wageuze hisa zao kuwa za kawaida mgawane kwa asilimia. Mara moja ya hela waliyoweka, bila kugawana tena kilichobaki, ndo kawaida nzuri.

Mfano. Kampuni imechangisha dola 12,000,000 jumla, wawekezaji wana asilimia 40. Inauzwa kwa 15,000,000. Mfanyakazi mwenye nusu asilimia anapiga hesabu kwenye simu, 75,000, anaanza kuangalia gari. Ngoja. Wawekezaji wakichukua asilimia 40 watapata 6,000,000, wakichukua hela yao kwanza watapata 12,000,000, wewe ungechagua ipi? Inabaki 3,000,000 kwa wale wenye asilimia 60, na nusu asilimia ndani ya 60 ni dola 25,000. Na kama karatasi iliruhusu wawekezaji walipwe kwanza ALAFU wagawane na nyie kilichobaki, wanachukua tena 1,200,000, yule mfanyakazi anabaki na 15,000. Kutoka 75 mpaka 15, na uwanja mzima watu wanapongezana kwamba kampuni imeuzwa.

Vingine vya kuangalia kwenye hiyo karatasi: viti vya bodi ni vingapi na nani ana wengi, kinga ya mwekezaji kama bei ikishuka raundi ijayo (ile ya wastani wenye uzito, inayoshusha bei yake kidogo tu, inavumilika, ile ya kurudisha bei yake yote mpaka bei mpya ya chini kataa mpaka mwisho), na kama wanataka saa ya kukomaa kwa hisa zako waanzilishi ianze upya. Hiyo ya mwisho inajadilika, omba muda uliofanya kazi uhesabiwe. Na hapa lipa wakili anayefanya mikataba ya startapu kila siku, sio ndugu yako anayefanya kesi za mirathi, hata kama atakufanyia bure.

HATUA YA 7: Mfanyakazi, uliza kabla ya kusaini

Sasa upande wa pili wa meza. Umepewa ofa, imeandikwa opsheni 40,000. Opsheni sio hisa bado, ni haki ya kununua hisa kwa bei iliyofungwa leo. Na 40,000 kati ya ngapi? Kama kampuni ina hisa 15,873,000 hiyo ni robo asilimia. Kama zipo 200,000,000 ni asilimia 0.02. Namba ni ile ile, maisha ni tofauti.

Watu wanaogopa kuuliza wataonekana wana tamaa. Mi sasa hivi natuma ujumbe kama huu, uchukue ulivyo ubadilishe namba:

"Habari, asante sana kwa ofa, nimefurahi. Kabla ya kusaini naomba kuelewa upande wa hisa. Jumla ya hisa zote za kampuni ni ngapi, ukihesabu na mfuko wa opsheni na SAFE ambazo hazijageuka? Bei yangu ya kununulia ni kiasi gani na raundi ya mwisho wawekezaji walinunua kwa bei gani? Nikiondoka nina muda gani wa kununua zilizokomaa? Jumla ya hela ambayo wawekezaji wanalipwa kwanza ni kiasi gani? Na pesa iliyopo inatupeleka miezi mingapi? Nipo tayari kusaini karatasi ya usiri kama inahitajika."

Kampuni yenye afya inajibu ndani ya siku mbili. Ikijibu nusu, sio mbaya, baadhi ya vitu wanaficha kwa sababu zao. Ikikataa kukwambia hata jumla ya hisa ni ngapi, basi hizo 40,000 zihesabu sifuri na uangalie mshahara kama utakutosha peke yake. Siongei kwa hasira hapa, au labda kidogo.

Kingine, ahadi ya mdomo au ya kwenye chati haitoshi. Opsheni zinatolewa na bodi, na mpaka bodi ipitishe hakuna bei wala hakuna kitu. Uliza kikao ni lini, alafu mwezi unaofuata uliza kama kimepitisha, kwasababu ikichelewa na thamani ikapanda, bei yako ya kununulia inapanda nayo. Pia angalia tarehe ya kuanza kukomaa iwe ni siku uliyoanza kazi na sio siku bodi ilipokaa.

HATUA YA 8: Kampuni ikiuzwa kabla hujakomaa

Umekaa miaka miwili, nusu haijakomaa, kampuni inanunuliwa. Inategemea karatasi imesema nini. Kichocheo kimoja maana yake kuuzwa tu kunakomaza zilizobaki, wanunuzi hawaipendi kwasababu watu wote wanakuwa hawana cha kuwashikilia. Vichocheo viwili maana yake kampuni iuzwe NA wewe uondolewe bila kosa ndani ya kipindi fulani, mara nyingi mwaka mmoja. Mwanzilishi omba viwili, ni ombi la kawaida na mwekezaji mwenye akili hakatai. Mfanyakazi wa mapema sana mwenye cheo kikubwa omba pia. Wengine wote kwa kawaida hisa zinahamia kwa mnunuzi na saa inaendelea pale pale.

HATUA YA 9: Siku ya kuondoka

Hapa ndo nilipopigwa mimi kwaiyo nitakaa kidogo.

Wiki mbili KABLA ya kuandika barua ya kuacha kazi, ingia kwenye akaunti yako ya hisa, shusha taarifa yote, uone zimekomaa ngapi na bei yake. Kama umebakiza wiki tatu klifu itimie, kaa hizo wiki tatu. Kisha ongeza hesabu ya kununua: 25,000 mara dola 0.20 ni dola 5,000. Hiyo ni hela ya kutoa mfukoni, kununua karatasi ambazo huwezi kuziuza kesho. Na kodi haiko humo. Kama thamani ya sasa ni dola 1.00, tofauti ni 0.80 mara 25,000, yani 20,000, na hiyo tofauti kwa Marekani inaweza kukuletea kodi mwaka huo huo kutegemea aina ya opsheni, hata kama hujauza hata hisa moja. Muulize mhasibu kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

Alafu kaa chini ujiulize kama kampuni ingekuja leo ikakuomba uwekeze hizo dola 5,000 na kodi yake juu, ungewekeza? Wakati mwingine jibu ni hapana, na hapana nayo ni sawa, ili mradi umeisema mwenyewe na sio kalenda imekusemea. Unaweza pia kununua sehemu tu, mfano 10,000. Wengi hawajui kama inaruhusiwa.

Siku 90 ndo mlango wa kawaida, kwasababu sheria ya kodi ya Marekani inasema opsheni za aina yenye nafuu ya kodi (zinaitwa ISO) zinapoteza nafuu yake usipozinunua ndani ya miezi 3 tangu uondoke. Ila kupoteza nafuu ya kodi na kupoteza opsheni ni vitu viwili tofauti, na kampuni ikitaka inaweza kukuacha na opsheni zako muda mrefu zaidi, zikabadilika tu aina. Pinterest mwaka 2015 waliongeza mpaka miaka 7 kwa waliokaa angalau miaka miwili. Kwaiyo inaombeka. Mwandikie mtu mmoja mwenye maamuzi, sio HR kwa ujumla, sentensi tatu tu: nimekaa miezi 30, naondoka vizuri, naomba muda wa kununua opsheni zangu zilizokomaa uongezwe, bodi inaweza kupitisha kikao kijacho.

Itume ukiwa bado kazini, wakati bado wanataka uwakabidhi kazi vizuri na nywila zote bado unazo kichwani. Weka kalenda ikukumbushe siku ya 30, ya 60 na ya 80, kwenye simu yako binafsi. Mimi vikumbusho vyangu vyote vilikuwa kwenye kalenda ya ofisi, na laptopu niliirudisha siku ya mwisho.